Yule Aliyeahidi Yuko Wapi?

Yako mambo huanza kwa mzaha wa barazani yakaishia kumnyima mtu usingizi. Hili la leo ni mojawapo. Tulikusanyika Jumapili moja nyumbani kwa jamaa yetu mmoja hapa Uingereza kumsomea hitima mama yake, aliyefia Tanga. Baada ya dua, kabla sinia hazijaletwa, kijana mfiwa akasimama akasema maneno ambayo sote tumeyasikia tangu utotoni: kama yupo anayemdai marehemu, iwe pesa, iwe kitu, basi amfuate yeye, deni hilo ni lake. Hakuna aliyejibu. Pilau ikaingia, watu wakanawa, mazungumzo yakaanza.

Pembeni yetu alikaa mzee mmoja ambaye vijana humwita Bwana Mkubwa. Nasi tutamwita hivyo hivyo, maana jina lake halina kazi hapa. Akatuinamia akasema kwa sauti ya chini: "Kijana huyu anabeba deni la maiti. Mimi nadaiwa na mtu aliye hai, na wallahi sioni kama ninayedaiwa ni mimi."

Kisa chenyewe hiki. Mwaka 1986, alipopata nafasi ya kusafiri, hakuwa na nauli. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa miaka mitatu nyuma, alivua bangili zake nne za dhahabu, akazipeleka kwa sonara, akamletea pesa zimefungwa katika leso. Naye akaapa mbele ya mama yao kwamba atamrudishia bangili zile, na juu yake atamjengea nyumba ya mawe. Miaka ya mwanzo kweli hakuwa na kitu. Usiku alifua mashuka ya hospitali, mchana akasoma. Kisha akaoa, wakaja watoto, ukaja mkopo wa nyumba. Dada hakuuliza. Miaka karibu arubaini hakuuliza. Hivi karibuni, akiwa mjane na paa lake linavuja, alituma ujumbe wa sauti kwenye simu, mfupi tu, akamkumbusha.

Hoja yake Bwana Mkubwa aliitoa akikunja vidole, kimoja baada ya kimoja. "Sikiliza, ndugu yangu. Yule kijana aliyeapa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakujua bili ya umeme ni nini. Hakujua baridi. Aliahidi kwa akili ya mtu ambaye hayupo tena. Na si maneno tu haya, hata kimwili hayupo! Wataalamu wanasema mwili wote hubadilika kila baada ya miaka saba. Mimi basi nimeshabadilishwa mara tano. Mkono huu haukuzipokea zile pesa. Kama dada anamdai mtu, anamdai marehemu."

Watu wawili watatu waliosikia wakacheka. Tusikufiche msomaji, na sisi tulicheka. Mzee huyu anajua kusema. Lakini tulipofika nyumbani tulijikuta tunayarudia maneno yake, na kila tukiyarudia yalizidi kutukaa kooni. Maana ni nani kati yetu huku ughaibuni asiye na bangili za mtu? Kama si dhahabu, ni minazi iliyowekwa rehani, ni ng'ombe aliyeuzwa, ni karo ya mdogo mtu iliyogeuzwa nauli ya mkubwa. Na ni nani ambaye hajawahi kusema moyoni mwake, akikumbushwa jambo la zamani, kwamba yule alikuwa mwingine?

Tukaona tuanze na lile linaloweza kupimwa, yaani la mwili.

Yuko binti wa jamaa zetu anayefanya kazi katika maabara ya baiokemia ya chuo kikuu kimoja. Tuliwahi kumfundisha Kiswahili siku za Jumamosi, na hadi leo anatuita mwalimu. Tukamwomba, akatukaribisha. "Shikamoo mwalimu," akasema, akatuvisha koti jeupe lililotubana makwapani, akatupeleka mbele ya friza. Akatoa humo kichupa kisichozidi urefu wa kidole gumba. Chini kabisa palikuwa na unga mweupe kidogo mno, kama chumvi iliyobaki kwenye pembe ya mfuko. "Hii," akasema, "kwa uzito ni ghali kuliko zile bangili." Kumbe kisa alikuwa ameshakisikia. Habari za hitima hazifichiki.

Unga ule ni kanosini iliyotiwa alama ya deuteriamu. Maneno hayo mawili yataka maelezo, nasi twaomba uvumilivu wako, kwani hoja yetu yote imo humo.

Protini za miili yetu, kuanzia nyama ya paja hadi ukucha, ni kama shanga zilizotungwa, na kila ushanga ni asidi amino. Shanga mbili tu zikiunganishwa, kitu hicho huitwa dipeptidi. Kanosini ni dipeptidi ya namna hiyo: upande mmoja beta-alanini, upande wa pili histidini. Mwanasayansi Mrusi Vladimir Gulevich na mwenzake waliipata mwaka 1900 katika rojo ya nyama, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la nyama. Imo katika misuli ya ng'ombe, ya kuku, ya samaki, na yetu sisi, ambako husaidia kupoza makali ya asidi misuli inapofanyishwa kazi ngumu. Katika mchicha huipati. Ukila mishikaki usiku huu, baada ya muda mfupi kanosini itaonekana katika mkojo wako. (Binti alisema hivyo bila haya yoyote, kazi ya maabara huondoa haya.)

Ama deuteriamu, hiyo ni ndugu mzito wa hidrojeni. Hidrojeni ya kawaida ina protoni moja katika kiini chake. Deuteriamu ina protoni hiyo hiyo na nyutroni moja juu yake, basi uzito wake ni karibu mara mbili. Haitoi mionzi, haiozi, na wala si kitu kigeni: katika kikombe chako cha chai, kwa kila hidrojeni 6,400 hivi, moja ni deuteriamu. Aliyeigundua ni Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwishoni mwa mwaka 1931, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Maji yaliyotengenezwa kwa deuteriamu huitwa maji mazito. Huganda kwenye nyuzi 3.8 badala ya sifuri, na barafu yake ukiitia katika glasi ya maji ya kawaida huzama. Jambo hili lilitufurahisha kuliko yote tuliyoyaona siku ile, ingawa halina uhusiano na bangili.

Katika kanosini ya kichupa kile, hidrojeni nne za upande wa beta-alanini zimeondolewa, zikawekwa deuteriamu nne. Kanosini ya kawaida ina uzito wa 226 kwa kipimo cha molekuli. Hii ina 230. Kwa mwili, hizi mbili ni karibu kitu kimoja. Zinaonja sawa, zinayeyuka sawa, zinapita milango ileile. Mashine ya kupimia uzito wa molekuli tu ndiyo inayosema: huyu ni yule, na huyu ni mwenziwe mwenye alama.

Kazi yake ni ushahidi. Tuseme mtafiti anataka kujua kanosini iko kiasi gani katika damu. Damu lazima isafishwe, ichujwe, imiminwe chombo hiki na kile, na kila hatua kitu kinapotea. Basi mwanzoni kabisa hutia kiasi anachokijua cha ile yenye alama. Kinachopotea hupotea kwa zote mbili, na mwisho wa safari uwiano unabaki. Ni kama mtu mwenye gunia la mchele asiyejua lina pishi ngapi, akachanganya humo pishi moja ya mchele uliotiwa rangi. Hata gunia likipasuka njiani na kikafika kibaba kimoja, akihesabu punje moja ya rangi kwa kila punje tisa nyeupe, atajua zilikuwa pishi tisa.

Tukamwuliza kama alama ile yaweza kufutika. "Yategemea umeibandika wapi, mwalimu," akajibu. Hidrojeni zilizoshikana na naitrojeni au oksijeni hazitulii. Zinabadilishana na hidrojeni za maji saa zote, hivyo alama iliyowekwa hapo huoshwa upesi. Iliyoshikana na kaboni, mahali panapofaa, hukaa. Halafu akatuambia jambo jingine ambalo tulirudi nalo nyumbani. Katika damu ya binadamu kuna kimeng'enya kinachoikata kanosini katikati. Ikishakatwa, beta-alanini huenda zake na alama yake, na histidini huenda zake bila alama yoyote. Ukiikuta histidini ile baadaye, hakuna chochote ndani yake kitakachokuambia kwamba iliwahi kuunganishwa na mwenziwe.

Sasa turudi kwa miaka saba ya Bwana Mkubwa. Wazo la kutumia deuteriamu kufuatilia chakula mwilini lilishikwa barabara na Rudolf Schoenheimer, naye ni mtu ambaye wasomaji wa gazeti hili wanapaswa kumjua, maana alikuwa mgeni kama sisi. Alizaliwa Berlin mwaka 1898, Myahudi, akawa mtafiti Freiburg. Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, aliondoka akaenda New York, akapata nafasi pale pale Columbia alipokuwa Urey. Huko akakutana na David Rittenberg, aliyekuwa mwanafunzi wa Urey, na mwaka 1935 wawili hao wakatangaza njia yao mpya.

Hadi wakati huo wengi waliuona mwili wa mtu mzima kama injini. Chakula ni mafuta, yanaungua na kutoka; chuma chenyewe kinabaki, kikilika kidogo kidogo. Schoenheimer na Rittenberg waliwalisha panya mafuta yaliyotiwa deuteriamu, wakitarajia yaungue. Sehemu kubwa hayakuungua. Yaliingia katika akiba ya mafuta ya mwili, na ya zamani yakatoka kuungua badala yake. Kisha mwaka 1939 wakawalisha panya wakubwa leusini, asidi amino iliyotiwa alama mbili, deuteriamu katika kaboni zake na naitrojeni nzito pembeni. Panya hawakunenepa wala hawakukonda. Lakini baada ya siku chache zaidi ya nusu ya naitrojeni ile ilikuwa imekwisha kuingia katika protini za miili yao, na nyingine ilikuwa imehamia katika asidi amino nyinginezo. Ile nyama iliyodhaniwa imetulia ilikuwa inabomolewa na kujengwa usiku na mchana. Schoenheimer hakuishi kuona kitabu chake kikichapishwa. Alijiua mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 43, na wenziwe wakakitoa mwaka uliofuata. Mtu aliyeionyesha dunia kwamba mwili hauna makazi ya kudumu alikuwa mwenyewe amefukuzwa kwao. Hatudai kwamba hili lilisababisha lile, ila hatukuweza kulipita bila kulitaja.

Kwa hiyo Bwana Mkubwa hakuzua. Ila hesabu yake ya miaka saba haina msingi, kwa sababu mwili haubadiliki kwa zamu moja kama shuka za kitanda. Maji yana haraka sana. George de Hevesy na mwenzake walimnywesha mtu maji mazito kidogo mwaka 1934, wakaona kwamba maji hukaa mwilini kwa wastani wa wiki mbili hivi. Chembe nyekundu za damu huishi miezi minne. Hilo lilipimwa na David Shemin, ambaye alikula glisini yenye naitrojeni nzito yeye mwenyewe, kisha akajitoa damu wiki baada ya wiki, na pamoja na Rittenberg akatangaza matokeo mwaka 1946. Mifupa huchukua miaka mingi. Na vipo visivyobadilika kabisa. Ganda gumu la jino likishaumbwa halijengwi upya. Seli za neva za gamba la ubongo, kama Jonas Frisén na wenziwe wa Stockholm walivyoonyesha kuanzia mwaka 2005 kwa kupima kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, zina umri sawa na mwenyewe. Na protini zilizo katikati ya lenzi ya jicho ziliwekwa huko tulikotoka, nyingine kabla hatujazaliwa.

Basi hata kwa hoja ya nyama na damu, mzee wetu amekosea. Lenzi ile iliyoziona bangili zikifunguliwa kutoka katika leso bado imo jichoni mwake. Isipokuwa, bila shaka, kama amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jambo ambalo wakati ule hatukuwa tumemwuliza.

Lakini hatutaki kushinda kesi kwa lenzi ya jicho. Ushindi wa namna hiyo ni wa mawakili. Hebu tumpe Bwana Mkubwa yote anayoyataka. Tuseme hakuna chembe hata moja iliyobaki, jino, neva wala lenzi. Je, deni limekufa?

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulijibu hili. Jahazi likifanya kazi miaka mingi, fundi hung'oa ubao huu leo, na ule msimu ujao. Hutia kalafati mpya, msumari mpya, mlingoti mpya, na siku moja hata mkuku wenyewe. Wayunani walikuwa na mfano huo, Plutarch ameuandika, wa merikebu ya Theseus iliyotunzwa Athens hadi wanafalsafa wakabishana kama ni ileile. Sisi hatujapata kusikia nahodha aliyemwambia mtu aliyemkopesha pesa za mbao za kwanza: ndugu yangu, mbao zako zimekwisha oza, kazidai baharini. Angeitwa tapeli, na wala asingeitwa mwanafalsafa. Jahazi lina jina, lina mwenyewe, lina hesabu zake katika daftari, na hayo hayakuwamo katika mbao hata siku lilipokuwa jipya.

Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, aliliona hili. Alitofautisha mwili, ambao hubadilika kama mti unavyokua, na mtu, neno ambalo alisema ni la mahakamani: ndilo tunalolitumia tukitaka kujua nani alaumiwe na nani asifiwe. Kwake kilichomfunga mtu na jana yake kilikuwa kumbukumbu na kujijua. Hapo hatukubaliani naye moja kwa moja, kwani aliyesahau deni hajalilipa. Lakini Bwana Mkubwa hata kusahau hakusahau. Alitusimulia hadi rangi ya leso.

Na hapa ndipo lile la histidini lilipoturudia. Alama ya deuteriamu ni shahidi mkweli. Itakuambia chembe hii ilitoka wapi, imepita wapi, sasa imekaa wapi. Haiwezi kukuambia ni ya nani. Wala haiwezi kukuambia kwamba vitu viwili viliwahi kufungamana, ikiwa fungamano lenyewe limeshakatwa. Bangili zile ziliyeyushwa kwa sonara, huenda mwaka ule ule. Dhahabu yake, ambayo haibadiliki hata kwa miaka elfu, iko mikononi mwa wanawake wengine wasio na habari. Ukizitia alama chembe zake zote ukazifuata, hutalikuta deni popote. Si kwa kuwa halipo. Liko baina ya watu wawili, na mashine ile imetengenezwa kupima kimoja kimoja.

Bwana Mkubwa, basi, ametafuta ushahidi mahali ambapo hata ukiwa wake haumsaidii.

Tungeweza kuishia hapo, lakini tungemdhulumu, maana hoja yake ina upande wa pili usiohusu mwili. Alisema aliahidi kwa akili ya mtu mwingine. Hili si la kupuuzwa. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayeaga nyumbani huahidi mwezi na nyota. Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliwaza juu ya kijana Mrusi wa karne ya 19 atakayerithi mashamba makubwa. Kijana anataka kuwapa wakulima, lakini anajijua, anaogopa kwamba akizeeka atakuwa mchoyo. Anaandika hati ya kuyatoa, hati ambayo mkewe peke yake ndiye anayeweza kuitengua, na anamwapisha: nikija kukuomba uitengue, usinisikilize, yule hatakuwa mimi. Miaka inapita, na kweli anakuja kuomba. Parfit anasema mke anaweza kuona kwamba yule aliyemwahidi hayupo tena wa kumfungua ahadi. Tazama basi ajabu hii. Parfit, aliyeamini kuliko wengi kwamba mtu wa leo na wa jana wanaweza kuwa kama watu wawili, aliona jambo hilo linaweza kuikaza ahadi. Bwana Mkubwa anataka liilegeze.

Na tofauti nyingine, kubwa zaidi kwa maoni yetu: nyumba ya mawe ilikuwa ahadi, bangili zilikuwa deni. Nyumba aliitaja mwenyewe kwa furaha ya kijana, na tunaweza kuelewa mtu mzima akisema, dada yangu, nilijitwika nisichokiweza, niwie radhi. Anayeweza kumpa radhi hiyo yupo hai na simu yake inapatikana. Lakini bangili si maneno. Zilitoka katika mkono wa mtu na nauli ikalipwa. Kama yule wa 1986 si yeye, basi tikiti ile aliitumia nani? Na kama dada naye amebadilishwa mara tano, kwa nini mkono wake huu mpya nao hauna kitu?

Kuna jambo jingine tunalisema kwa kusita, kwani mzee ni rafiki yetu. Mwaka ule ule wa ujumbe wa dada, alipata barua ya hesabu za pensheni. Hapa Uingereza, kwa sheria iliyoanza mwaka 2016, mtu kwa kawaida hutakiwa awe na miaka 35 ya michango ya bima ya taifa ili apate pensheni mpya kamili. Bwana Mkubwa aliona wamemsahaulia miaka miwili, ile ya mashuka ya hospitali. Aliandika barua. Alipiga simu, akasubiri muziki ukimlilia sikioni dakika arubaini. Alitafuta karatasi za mshahara za mwaka 1988, akazikuta, akazituma. Wala hakumwambia karani kwamba kijana yule mfua mashuka ni marehemu, hata damu yake si hii.

Tusimcheke peke yake. Sisi sote huku tuna mtu wa zamani tunayemwita akihitajika na kumficha akidaiwa. Akitajwa aliyetutukana shuleni, tunasema alinitukana mimi. Tukisifiwa mpira tuliocheza ujanani, mfungaji ni mimi. Wengine wetu hata tarehe za kuzaliwa zilibadilika uwanja wa ndege, na majina yakapinduliwa la mwisho likawa la kwanza, lakini kiwanja kilichonunuliwa Kigamboni kabla ya hapo bado tunajua ni cha nani. Lililo gumu ni kumkubali mtu huyo akija mzima, na sifa zake na leso yake.

Hatusemi pia kwamba ugumu wa maisha huku ni uongo. Miaka kumi ya mwanzo Bwana Mkubwa hakuwa na cha kutuma, na kutokuwa nacho si kukana. Dada mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana hakuuliza. Kukaa kimya kwake kulikuwa aina ya mkopo wa pili. Tungependa kujua angefanya nini kama asingesikia hoja yoyote ya miaka saba, angesikia tu: sina, nisubiri. Tunadhani angesubiri.

Tulikutana naye tena kwenye harusi, mwezi uliopita. Binti wa maabara alikuwapo, akaja kumwamkia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, nasikia mwalimu huyu umemfundisha mambo ya kunikamatia." Wakacheka. Binti akamweleza kwa adabu habari ya maji na ya chembe za damu, akampa haki yake kwa hizo. Kisha akafika kwenye lenzi. Bwana Mkubwa akamsikiliza hadi mwisho, akachezea kijiko chake.

"La kulia nilifanyiwa upasuaji mwaka juzi," akasema. "La kushoto bado."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ngoma ilikuwa inapigwa ukumbi wa pili, wanawake wakipiga vigelegele. Akakaa kimya kitambo, tukadhani mazungumzo yamekwisha, tukageukia mambo mengine. Kisha akamgusa binti begani, akamwuliza gramu moja ya dhahabu siku hizi ni pauni ngapi. Binti akaitafuta kwenye simu, akamwonyesha. Akavaa miwani yake, akaitazama.

"Na bangili nne," akauliza, "za kizamani zile nene, huwa gramu ngapi?"